Rupia ya Babu na Wembe wa Msiba

Njombe,
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Masanja,

Mwangaluka. Mama alitufundisha kwamba mtu husalimia kwanza, hata kama amekuja kugombana, kwa hiyo nakusalimu. Habari za hapo nyumbani? Jicho lako la kushoto linaendeleaje, ule ukungu umepungua? Nimesikia mvua za mwanzo ziliwadanganya mkapanda pamba mara mbili. Nimesikia pia kwamba mashine yako ya kusaga imeanza kufanya kazi tena. Habari hiyo ya mashine nitairudia.

Mimi bado ninapumua. Baridi ya Njombe unaisikia kwenye redio tu, hujaijua. Miguu yangu imevimba mpaka viatu vyote vimenikataa, nakaa karibu na jiko la mkaa nimevaa soksi mbili za sufu kama mtoto mchanga. Juzi daktari aliniambia moyo umechoka. Nikamuuliza, umechoka wa wiki au wa miezi? Akainama kwenye karatasi zake, akajifanya anatafuta kitu. Nimefundisha watu miaka thelathini na mitano, najua mtu anayejua jibu na hataki kulisema.

Binti yangu Lusia, ambaye ndiye ninayeishi kwake, alitaka nimtajie maneno yeye aandike. Nimekataa. Karatasi niliyokosea maishani mwangu niliiandika kwa mkono huu, na hii nayo itaandikwa na mkono huu, hata kama inanichukua siku nne na herufi zinaanguka kama unavyoziona. Na utaniwia radhi kwa jambo moja: nitaeleza mambo mengine kana kwamba huyajui. Nimemwagiza Lusia ampe bahasha mwanao mkubwa, siyo wewe, naye aisome kwa sauti watoto wako wote wakiwa wamekaa. Wao hawajui.

Wanangu, babu yetu, mimi na baba yenu, alikuwa na rupia moja ya fedha ya wakati wa Mjerumani. Alilipwa kwa kubeba mizigo kutoka ziwani, na walipokuja kudai kodi alichapwa viboko akasema hana kitu, huku rupia imo ndani ya nyasi za paa juu ya vichwa vyao. Baadaye aliipeleka kwa mhunzi itobolewe ili aivae. Mhunzi alikosea. Alianza kugonga msumari kwenye shavu la mfalme wao aliyechorwa juu yake, babu akapiga kelele, ndipo akahamia juu ya kofia ya chuma na kutoboa pale. Kwa hiyo mfalme yule ana tundu juu ya kofia na kidonda kwenye shavu. Sisi watoto tulikuwa tunasema anaumwa jino. Masanja, wewe ndiye uliyekuwa ukimpaka tope shavuni, ukisema unamtibu.

Rupia hiyo ilipita kwa babu, ikaja kwa baba, ikivaliwa shingoni kwa kigwe cha ngozi ya mbuzi. Aliyeivaa ndiye aliyemwaga pombe chini na kuwataja wakubwa wa ukoo waliokufa kwa majina, na nyumba kubwa ilikuwa yake pamoja na shamba la kando ya mto. Nilimwomba baba anipe mimi. Nilikuwa tayari mwalimu, na nilikuwa nimeanza kukusanya sarafu za zamani: heller, senti zenye tundu, shilingi zenye simba. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bundala, wewe utaiweka kwenye kitabu. Hii haikai kwenye kitabu, inakaa kwenye ngozi ya mtu." Akampa dada yetu Nkwimba.

Nkwimba hakwenda shule. Alichunga ng'ombe ili mimi na wewe twende. Alikubeba wewe mgongoni mpaka ukawa mkubwa wa kuona aibu. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani akamuuguza baba miaka sita, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko, wakati mimi nipo Njombe na wewe upo kwenye minada. Alistahili. Lakini mimi nilinuna. Nilikuwa na albamu mpya, na mfuko mmoja wa plastiki ndani yake niliuacha wazi, chini yake nikaandika kwa penseli: Rupia ya babu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, nilipofanya upuuzi huo.

Sasa msiba wa baba. Mnajua kwetu siku ya kunyoa wafiwa, na mnajua kwamba anayenyoa ndiye anayekusanya nywele zote kwa mkono wake na kwenda kuzitupa mahali pamoja, watu wengine wasizishike. Mwaka ule aliyeshika wembe alikuwa baba yenu. Nkwimba aliinama mbele yake akiwa na rupia shingoni, nyuma ya kanga. Aliinama amefumba macho kwa sababu alikuwa analia. Alipoinuka akaenda kuoga, shingo ilikuwa tupu.

Alinijia mimi kwanza, kichwa kikiwa bado kimelowa. "Mdogo wangu, rupia imeanguka. Nahisi iko kwenye nywele. Nisaidie kabla watu hawajajua."

Nilimwambia atulie. Kisha nikaenda nyuma ya ua wa minyaa, pale nywele zilipotupwa, nikapiga magoti nikapekua. Hapa, Masanja, ndipo dhambi yangu inapoanza, na wewe huijui. Sikwenda kumtafutia Nkwimba. Nilikwenda ili nikiipata niitie mfukoni, ninyamaze, niondoke nayo. Nilipekua nywele za wafiwa wa baba yangu kama mbwa anayetafuta mfupa, nikiwaza mfuko wa plastiki.

Sikuikuta rupia. Nilikuta kigwe. Kilikuwa hakijakatika kwa kuchakaa. Kilikuwa kimekatwa, safi, sehemu moja, kwa kitu chenye makali sana. Siku ile pale nyumbani kulikuwa na wembe mmoja.

Nilielewa palepale, nikiwa bado nimepiga magoti. Nikakikunja kigwe, nikakitia kwenye mfuko wa koti, nikarudi kukaa na wazee.

Siku ya kumaliza msiba, pombe ilipoletwa na rupia ikaulizwa, Nkwimba alisimama akasema ukweli mtupu. "Nilikuwa nayo nikiinama kunyolewa. Nilipoinuka sikuwa nayo."

Wewe ukaruka. "Dada, unataka kusema nimekuibia huku nakunyoa msiba wa baba? Mbele ya watu hawa, unasema hivyo?"

"Sijasema umeiba. Nimesema ilipokuwa."

"Basi sema ilipo sasa."

Wazee walikasirika. Hawakukukasirikia wewe, walimkasirikia yeye. Kumshuku anayenyoa msiba lilikuwa jambo baya kuliko kuuza rupia yenyewe, na kila aliposema ukweli wake ndivyo alivyozidi kuonekana mwovu. Mzee mmoja akauliza kama Nkwimba hakuonekana mnadani Jumatano ya msiba. Alikuwa ameonekana, alikwenda kununua sukari ya msiba. Ikatosha kusema ameiuza. Wakanigeukia: "Mwalimu, wewe umesoma. Tuandikie."

Nikaandika. Nilichana karatasi katikati ya daftari, nikaandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika. Bado nayakumbuka maneno: "Mtajwa hapo juu ameshindwa kutunza amana ya ukoo na amemsingizia mdogo wake." Mtajwa hapo juu. Dada yangu aliyenifundisha kutembea. Na kigwe kilikuwa mfukoni mwangu, kinanigusa mbavuni kila nilipoinama kuandika.

Nkwimba aliomba nimsomee mara mbili. Nikamsomea. Akasema, "Andika vizuri, mdogo wangu. Jina langu lisikosewe." Akaweka dole gumba, wino nilimpaka mimi. Kesho yake, akiwa amenyang'anywa nyumba na shamba, akaondoka na sufuria moja na mkeka, akaenda Bukundi kwa mjomba, kwenye ukame ule. Kule nako habari zilitangulia. Wamemwita "muuza babu" miaka yote hii. Wewe ukaingia nyumba kubwa, ukalima shamba la kando ya mto.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nimejiandalia majibu mengi kwa miaka arobaini na kitu, mengine mazuri sana, na leo nayatupa yote. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ni nani anayo rupia. Nilijua Masanja hataweza kuivaa, hataweza kuionyesha, na hatathubutu kuitupa. Nikasema nitasubiri. Siku moja atashindwa, ataniuzia mimi. Masanja, kumbuka barua zangu. Kila mwaka niliandika mwishoni: "Kama kuna kitu chochote cha zamani hapo nyumbani, unikumbuke." Nawe ulijibu, "Kaka, hakuna kitu, labda jembe la ng'ombe." Ulinidanganya mimi niliyekuwa najua unadanganya, nami nikakaa kimya ili usije ukashtuka. Tulikuwa wezi wawili, kila mmoja anamlia mwenzake timing, na mwenye mali anakula vumbi Bukundi.

Na kila kiangazi, huko Bukundi kusikoota viazi vya maana, Nkwimba alinitumia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Kifurushi cha kitambaa, kimeshonwa kwa mkono, kinapitia kwa kondakta huyu na yule mpaka Njombe. Hakuwahi kutuma neno pamoja nacho, maana hajui kuandika na hakutaka kumwambia mtu amwandikie. Niliyala. Nilikuwa nayachemsha na karanga, nayala yote.

Sasa nakuja kwenye mashine yako.

Kuna kikundi cha sisi wakusanya sarafu kwenye simu, wazee wengi na vijana wachache, tunaonyeshana picha na kuuziana. Mwezi uliopita mwanamke mmoja anayeuzia watalii vinyago pale Lamadi aliweka picha ya rupia ya Mjerumani. Nilichukua kioo changu cha kukuzia nikasogea dirishani. Tundu juu ya kofia. Kidonda kwenye shavu. Mfalme wetu alikuwa bado anaumwa jino.

Nikampigia. "Mama, hii rupia umeitoa wapi?"

"Babu, wewe nunua. Vitu vya zamani havina cheti cha kuzaliwa."

"Nitanunua, wala sibishani bei. Nataka tu kujua ilikuwa kwa nani."

"Hubishani bei? Ungesema mapema." Akacheka. "Kuna mzee wa Bariadi, jicho moja lina ukungu. Mashine yake ya kusaga ilikata mkanda, akawa anatafuta mkanda mpya. Aliitoa kwenye kopo la grisi, imefungwa kwa nailoni. Nilimuuliza, mzee, hii si ya ukoo? Akaniambia, 'Baba alinipa kwa mkono wake, na watoto wa siku hizi hawana habari nayo.'"

Mkanda wa mashine, Masanja. Ungeniambia uliiuza ili mtoto atibiwe, ningekasirika na kukuelewa. Ungesema uliizika kaburini kwa baba, ningekuheshimu. Umemfukuza dada yako kwa ajili ya rupia, umeificha kwenye kopo la grisi mpaka umezeeka, halafu umeibadilisha na mkanda wa mpira utakaokatika tena kabla ya mavuno yajayo. Hata wizi wako hukuuheshimu.

Na bado nilikupa nafasi. Kumbuka Alhamisi ile nilipokupigia. Nilikuuliza taratibu, "Masanja, ile rupia ya babu, iliishia wapi?" Ukasema, "Kaka, achana na mambo ya wafu. Nkwimba aliila zamani." Ulisema hivyo bila hata kukohoa, mkanda wako unanguruma nyuma ya sauti yako. Nilikata simu kwa hasira, wala siyo mtandao kama nilivyokuambia baadaye.

Rupia ilifika kwa basi, ndani ya boksi la dawa ya meno. Lusia aliniletea albamu. Nikaifungua ule ukurasa, nikaisukuma rupia ndani ya ule mfuko, ikaingia, ikakaa. Nilifurahi, Masanja. Lazima niliseme hili kwa sababu nakaribia kufa na sitaki kulibeba: nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Nilipiga picha nikaituma kwenye kikundi. Wakanipongeza. Mmoja akaandika kwamba yenye tundu haina thamani kubwa, nimepigwa. Nikakasirika nikaanza kumjibu, nikiandika kwamba hajui historia yake, kwamba babu yangu alichapwa viboko kwa ajili yake.

Lusia alikuwa nyuma yangu. Akauliza, "Baba, na hiki kigwe kwenye mfuko huohuo ni cha nini?"

Maana kigwe nilikuwa nimekiweka humo tangu mwaka ule. Miaka yote, kila mgeni aliyefungua albamu yangu alikiona, na nilikuwa nawaambia ni alama ya kusubiri. Nikamtazama mwanangu. Nikamweleza kila kitu, kuanzia kwenye nywele. Alikwenda jikoni, akarudi na kifurushi cha matobolwa ya mwaka huu, tulikuwa hatujakifungua, akakiweka juu ya albamu, akatoka nje. Tangu siku hiyo ananihudumia vizuri na haniiti baba. Ananiita mzee.

Hasira yangu imegawanyika hivyo, na usidhani fungu lako ni dogo kwa sababu langu ni kubwa. Wewe uliiba ukiwa umeshika wembe wa msiba. Mimi nilijua, nikaandika kinyume chake kwa mwandiko mzuri, nikasubiri faida. Wazee wale wamekufa wakiamini wametenda haki, na karatasi waliyoiamini ni yangu.

Sikiliza nilichofanya, maana siombi ruhusa yako. Rupia haiji kwako. Lusia anapanda basi kesho kwenda Bukundi. Amebeba rupia, amebeba kigwe, na amebeba karatasi nyingine niliyoiandika yenye dole gumba langu mimi, wino nilijipaka mwenyewe. Atamsomea Nkwimba mara mbili. Jina lake halijakosewa. Kutoka huko ndipo atakuja hapo Bariadi na barua hii. Kwa hiyo wakati mwanao anasoma maneno haya, rupia ipo shingoni kwa dada, kwenye ngozi ya mtu, na albamu yangu nimeichoma jikoni, isipokuwa sarafu nyingine ambazo Lusia ataamua cha kufanya nazo.

Sijui kama Nkwimba atanisamehe. Sijamwomba kwenye ile karatasi, kwa sababu angenisamehe haraka ili nisiumie, namjua. Nimeomba kitu kimoja tu, na kitu hicho kinakuhusu.

Nikifa nitaletwa nyumbani. Nimeshamwandikia Lusia, na padri wa hapa ameweka saini yake. Nitazikwa hapo, miguuni kwa baba. Na siku ya kunyoa, wembe atashika Nkwimba. Hakuna mwingine. Ana miaka themanini na miwili na mkono wake unatetemeka, utamvumilia. Wewe utakuwa wa kwanza kuinama. Utainama mbele yake, yeye akiwa amevaa rupia, itakuwa inaning'inia karibu na uso wako, utaliona lile shavu. Watoto wako watakuwa wamesimama wanatazama, na sasa wanajua. Akimaliza, nywele atazikusanya yeye. Ndipo umwambie ulichokifanya, kwa mdomo wako, na shamba la kando ya mto ulitaje kuwa ni lake. Ukikataa kuinama, msinizike. Waniache hapo uani mpaka uiname.

Nisalimie shemeji, mkeo, ambaye hakuwepo wakati ule na hana kosa. Mwanao mkubwa anayesoma hii, mwambie asante kwa kufika mpaka hapa, na anywe maji. Nisalimie yule binti yako mwalimu wa shule ya msingi; mwambie mtu akimletea karatasi aandike jina la mwenzake, ajiulize kwanza mfukoni mwake mwenyewe mna nini. Majirani wote waliobaki, wale waliokuwepo na kusikia, wasalimie, na uwaambie pia.

Mkono umechoka na mkaa umekwisha. Nimekaa nje kidogo, jua limetoka, halipashi joto. Nahesabu safari ya Lusia: mpaka Dodoma, mpaka Shinyanga, kisha ile barabara ya vumbi. Nataka kuishi mpaka nisikie amefika. Zaidi ya hapo sidai.

Mimi kaka yako uliyefanana naye,

Bundala